Fleti ya Chaki

Mtaani kwao kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Jicho. Jina hilo hakubandikwa na watu. Alijibandika mwenyewe, na kwa kuwa alilirudia kila siku, watu walichoka wakalikubali.

Sababu ya jina ni hii. Jicho hakupima mteja. Ukienda kwake kushona suruali, alikusimamisha mlangoni, akafumba jicho moja, akatamka: kiuno thelathini na sita, urefu arobaini na moja, njoo Alhamisi. Tepu ya kupimia alikuwa nayo, lakini aliivaa shingoni kama mapambo. Mara nyingi alipatia, tusimwonee. Mara chache alipokosea, kosa lilikuwa la mteja. Dereva mmoja wa lori aliambiwa amenenepa kati ya Jumatatu na Alhamisi. Akaamini, masikini, akaacha kula usiku wiki nzima.

Jicho na familia yake walipanga vyumba viwili. Nyumba ilikuwa na wapangaji sita, bomba moja na uwanja mmoja wa saruji katikati. Chumba cha mbele kilikuwa duka na sebule, na mvua ikinyesha kilikuwa jiko pia. Humo ndimo ilimokuwa cherehani, meza kubwa ya kukatia nguo, na kiti cha mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Usiku alilala humo humo na mjukuu wake, binti wa miaka kumi na mmoja. Chumba cha nyuma alilala Jicho na mkewe. Kati ya vyumba hivyo hapakuwa na mlango. Palikuwa na pazia.

Mkewe alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Alirudi saa mbili asubuhi, akanywa chai akiwa amesimama, akaingia nyuma ya pazia kulala. Saa mbili na nusu mumewe alianza kushona. Wateja wakaja, wakabishana bei, wakacheka. Mama mkwe alifungulia redio, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini. Muuguzi alijifunga kitambaa kichwani mpaka masikioni, akageukia ukuta. Alipata usingizi wa saa tatu, siku nyingine mbili. Amezoea, ndivyo kila mtu alivyosema. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Kwa miaka kumi na moja mume na mke waliweka akiba katika chama cha kuweka na kukopa. Mwaka huo chama kiliwakubalia mkopo wa nyumba. Kiwanja cha mbali hawakukitaka, kwa sababu hospitali iko mjini na wateja wako mjini. Wakaamua watafute fleti ndogo, yao wenyewe.

Jumamosi moja Jicho alimchukua binti yake, wakaenda kutazama jengo jipya lililokuwa likitangazwa. Mkewe alikuwa amelala, kwa hiyo hakwenda. Dalali aliwapokea mlangoni, amevaa tai na viatu vilivyochongoka. Waliingia kwenye lifti yenye kioo. Jicho alijitazama humo akajiona tayari ni mwenye nyumba.

Walipelekwa kwenye fleti ya mfano, ghorofa ya tano. Kila kitu kilikuwa kinang'aa. Kulikuwa na kochi, meza ya watu wanne, kitanda, kabati, na bado mtu angeweza kuzunguka. Dalali alisema ukubwa ni mita za mraba thelathini na nne, na bei ni milioni thelathini na nne.

"Milioni moja kwa mita moja," alisema. "Hesabu nyepesi, haihitaji hata kalamu."

Jicho alifumba jicho moja, akaitazama sebule, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Inatosha. Akaenda chumbani, akajilaza kitandani kujaribu. Miguu yake ikatokeza nje mpaka kwenye vifundo. Alishangaa kidogo, kwa sababu yeye si mrefu. Dalali akamwambia kuwa na miguu mirefu ni baraka, na Jicho akaipokea sifa hiyo. Hakugundua kwamba fremu za milango hazikuwa na milango. Hakujiuliza kwa nini kabati lile lina kina cha vitabu badala ya nguo. Binti alikuwa amechoka na mazungumzo ya wakubwa, kwa hiyo alicheza kwa kuruka kutoka kigae hadi kigae sakafuni, akihesabu.

Mwisho dalali alishusha sauti. Kuna wanunuzi wengine watatu, alisema, wale watatu ambao hutajwa kila siku na hawaonekani hata siku moja. Ili fleti isiende, Jicho alete arbuni ya milioni mbili Jumatatu ya wiki ile nyingine. Arbuni ikishalipwa hairudishwi. Jicho alimpa mkono.

Nyumbani alisubiri mkewe aamke, akaita kikao. Alieleza habari za lifti, habari za vigae, habari za kioo. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza cherehani itakaa wapi.

"Pembeni," Jicho alisema.

Akauliza na ile meza ya kukatia.

"Pembeni vilevile."

"Na kitanda cha mama?"

"Mama tutampa pembeni pazuri kabisa."

Mama mkwe alizima redio, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Nyumba hiyo, mwanangu, ina pembe ngapi?"

Mkewe alitaka kujua kama amepima. Jicho alicheka. Ni nani mjini hapa asiyejua jicho lake? Muuguzi hakucheka. Alikuwa na saa moja tu kabla ya kwenda kazini, na alikuwa amechoka. Alisema atafurahi kumuuliza mtu anayejua majengo, akatoka kumwita jirani wa chumba cha nne.

Jirani huyo aliitwa Mama Vigae. Kazi yake ilikuwa kuweka vigae vya sakafu kwenye nyumba za watu, na alikuwa ameifanya miaka ishirini. Alikuwa na viganja vigumu na maneno machache. Yeye hulipwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo ukimdanganya kipimo umemnyang'anya chakula. Jicho alimpenda kama jirani, ila hakupenda namna alivyokuwa akimtazama anapojisifu.

Mama Vigae alisikiliza, akauliza swali moja. Sakafu ile ina vigae vya ukubwa gani, na sebule ina vigae vingapi?

Jicho hakujua. Binti ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. Sebule pamoja na jiko, vigae vinane kwa vitano. Chumba cha kulala, vitano kwa vinne. Bafu, vitatu kwa viwili. Na kigae kimoja kilikuwa kipana kiasi hiki, akaonyesha kwa mikono.

"Hicho ni cha sentimita sitini," Mama Vigae alisema. "Mtoto amefanya kazi. Nipe chaki."

Aliandika juu ya meza ya kukatia, polepole, ili kila mtu aone. Vigae vinane vya sentimita sitini ni mita nne na sentimita themanini. Vigae vitano ni mita tatu. Urefu ukizidishwa kwa upana, sebule na jiko ni mita za mraba kumi na nne na nusu hivi. Chumba cha kulala ni saba na kidogo. Bafu ni mbili na kidogo. Akajumlisha. Jibu lilikuwa ishirini na nne, tena kasoro kidogo.

"Thelathini na nne ziko wapi?" Jicho aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa pochi.

Mama Vigae alimweleza kwamba huenda dalali hakusema uongo. Ila alihesabu kwa namna yake. Baadhi ya wauzaji hupima kuanzia nje ya ukuta, na wewe huuziwa hata unene wa ukuta. Wengine hujumlisha kibaraza. Wengine huongeza sehemu yako ya korido na ngazi. Hizo zote zimo kwenye karatasi, lakini huwezi kuweka kitanda ndani ya ukuta, wala kulala kwenye ngazi. Ndiyo maana mnunuzi lazima aulize: mita hizi zimehesabiwa vipi, na ndani ya kuta nitakanyaga mita ngapi?

"Gawanya sasa," alisema. "Milioni thelathini na nne kwa mita ishirini na nne unazokanyaga."

Binti aligawanya. Kila mita ilikuwa milioni moja na laki nne, na chenji juu.

Mama mkwe alisema wahenga hawakukosea: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jicho alikuwa ameshaona aibu, na mtu mwenye aibu huwa mbishi. Akasema nambari ni nambari tu. Watu wanaishi kwenye fleti za namna hiyo kila mahali, wanazaa, wanalea, wanazeeka. Kubanana ni mazoea.

Mama Vigae hakubishana naye. Alimuuliza, ukiletewa kitambaa cha bei mbaya cha harusi, unakikata moja kwa moja? Jicho alijibu kwa fahari kwamba hapana, hukata karatasi kwanza. Karatasi ikikosewa hutupwi nje na mwenye harusi.

"Basi na hii kata karatasi kwanza," Mama Vigae alisema. "Uwanja tunao, chaki unayo. Tuichore fleti yako kwa ukubwa wake, muihamie siku moja."

Jicho alikubali haraka. Alitaka kuwaaibisha wote.

Jumapili alfajiri, Mama Vigae alipiga magoti uwanjani na tepu yake ya chuma. Alichora sebule, chumba, bafu. Alichora milango, na alichora pia inakofungukia. Kila mlango ulikula robo duara ya sakafu. Hapo ndipo Jicho alipoambiwa kwa nini fleti ya mfano haikuwa na milango, na kwa nini kitanda kile kilikuwa kifupi. Samani za maonyesho mara nyingine hutengenezwa ndogo makusudi, ili chumba kionekane kikubwa. Jicho aliikumbuka baraka yake ya miguu mirefu.

Kisha vitu vya kweli vikatolewa. Kitanda cha Jicho na mkewe kilijaa chumbani kama keki kwenye sufuria. Mlango wa chaki ulipofunguka, uligonga kitanda. Kabati likabaki nje, kwa jirani. Sebuleni waliweka kitanda cha mama mkwe na binti, kisha meza ya kulia, kisha cherehani. Ikaja meza ya kukatia, mita mbili na nusu kasoro. Waliiweka kulia, ikaziba mlango wa kutokea. Waliiweka kushoto, ikaziba bafu. Waliigeuza, ikapanda juu ya kitanda cha mama mkwe.

"Mimi nitalala chini yake?" mama mkwe aliuliza. Hakukasirika. Alitaka tu kupangiwa.

Mama Vigae alitoa taarifa nyingine kwa upole. Lifti ile aliifahamu kwa aina yake. Meza hiyo haiingii.

Wapangaji wote walitoka kutazama. Walileta viti vyao, lakini walikaa nje ya mistari, kwa adabu. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuvuka chaki isipokuwa mlangoni. Mama mkwe ndiye aliyejiteua kuilinda. Dereva wa lori alipokuja kuchukua suruali, alikatiza moja kwa moja mpaka kwenye cherehani. Mama mkwe akamwambia amebomoa ukuta wa watu. Mwanamume mzima alirudi nyuma, akazunguka, akapiga hodi hewani, akaingia kwa mlango. Alipotakiwa kujaribu suruali, nafasi ya kusimama haikuwepo. Walimsimamisha bafuni.

Jicho aliendelea kusema tutazoea. Alisema hivyo akiwa amekaa ubavu. Tatizo lililomshinda ni bafu. Mlango wake ulikuwa hatua moja kutoka miguuni pa mama mkwe. Kila akitaka kupita, ilibidi aseme samahani mama, na mama mkwe akunje miguu yenye magoti mabovu, naye apite kwa upande akitazama mbinguni, kwa maana mkwe ni mkwe. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili walitabasamu. Mara ya tatu mama mkwe hakukunja miguu haraka.

"Mwanangu," alisema, "mimi na wewe tumeheshimiana miaka kumi na tatu. Katika nyumba hii tutaheshimiana mpaka Jumatano."

Uwanja mzima ulicheka. Jicho naye alicheka, kwa taabu.

Saa mbili muuguzi alirudi kutoka kazini, akakuta kitanda chake uwanjani na majirani wamekizunguka. Alielezwa. Alinywa chai yake akiwa amesimama, akaingia kwa mlango wa chaki, akavua viatu, akapanda kitandani. Alijifunga kitambaa masikioni. Mtu akamtundikia shuka kwenye kamba ya nguo kumkinga jua.

"Sasa shona," Mama Vigae alimwambia Jicho.

Jicho alisema kule kutakuwa na ukuta. Mama Vigae alimuuliza kama aliugonga. Hakuugonga. Binti aliugonga, wa ubao ule, ukalia kama debe. Mama Vigae alizifahamu kuta za namna hiyo. Ukikohoa sebuleni, wa chumbani anakwambia pole.

Basi Jicho akaanza kushona. Alishona suruali ya dereva, na cherehani ikanguruma kama kawaida yake. Ila siku hiyo hapakuwa na pazia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza alimwona mkewe akijaribu kulala. Alimwona akigeuka kulia. Alimwona akigeuka kushoto, akiweka mto juu ya kichwa, akiushika kwa mikono miwili. Kila mshono ulimtikisa bega. Hakuwa anajua. Miaka yote hiyo alidhani nyuma ya pazia mtu amelala.

Muuguzi aliketi. Alitoa kitambaa kichwani, akakikunja, akakiweka mapajani.

"Baba," alisema, "lifti sikuiomba. Vigae vya kung'aa sikuviomba. Miaka kumi na moja naweka akiba, nikijiambia kuna siku nitarudi kutoka kazini, nitafunga mlango, nitalala. Ukinunua mahali ambapo siwezi kulala, utakuwa umeninunulia pazia la milioni thelathini na nne."

Hakupaza sauti. Majirani waliinuka mmoja mmoja, kila mtu akakumbuka kazi aliyoiacha. Jicho aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Aliivua tepu shingoni, akainyosha kutoka kwenye cherehani hadi kwenye mto wa mkewe, akasoma kwa sauti: mita moja na sentimita kumi. Kisha akamwomba radhi mkewe, mbele ya mama mkwe, na hilo halikuwa jambo jepesi kwa mtu kama yeye.

Mkewe alisema radhi ameipokea. Sasa apime.

Mchana huo waliketi na Mama Vigae, wakaanza upya. Aliwauliza mambo ambayo Jicho hakuwa ameyafikiria. Nani yuko nyumbani mchana, na anafanya nini? Nani analala saa ngapi? Ni kitu gani hakiwezi kuachwa? Walijibu: cherehani, meza, usingizi wa muuguzi, magoti ya mama mkwe. Akauliza ada ya jengo kwa mwezi. Jicho alisema elfu themanini, kwa ajili ya lifti, walinzi na taa za korido. Hakuwa ameitaja kwa mtu. Ada hiyo, Mama Vigae alisema, utailipa hata ukizeeka, kwa hiyo ihesabu kama sehemu ya bei.

"Na meza ukiikosea nafasi nyumbani, utaipeleka wapi?"

Itabidi apange fremu ya duka, yaani chumba cha biashara, Jicho alikiri. Fremu ndogo mtaani ni laki moja kwa mwezi.

"Ndiyo hivyo. Nafasi usiyoinunua utaipanga. Bei ndogo si lazima iwe nafuu."

Lakini akawaonya upande wa pili pia. Kubwa kuliko uwezo wenu nalo ni tanzi, alisema. Kuna watu wamenunua sebule ya kuchezea mpira, wakawa wanaitazama kwa njaa. Nunua nafasi utakayoitumia, usinunue ya kuringia.

Yeye alijua fleti moja ya kuuzwa, katika jengo la zamani lisilo mbali na hospitali. Aliwahi kuweka vigae vya jiko lake. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akihamia kwa mwanawe mwisho wa mwaka, na hakuwa na haraka. Bei, milioni arobaini.

Walikwenda wote, na muuguzi alikwenda pia, siku yake ya mapumziko. Jicho alipoliona jengo moyo ulimshuka. Rangi ilikuwa imebanduka, na lifti hapakuwa na hata shimo lake. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na yeye bado aliuonea wivu ule mng'aro wa ghorofa ya tano. Lakini alitoa tepu. Alipima sebule, vyumba viwili, jiko lenye mlango wake, bafu. Alipima mlango wa mbele, alipima kona ya ngazi, kuona kama meza itapinda. Itapinda ikivuliwa miguu. Ndani ya kuta alipata mita za mraba thelathini na nane. Alipiga kila ukuta kwa ngumi. Ukuta wa matofali haukujibu kitu.

Mama mkwe alipewa kazi ya kupima ngazi. Fleti ilikuwa ghorofa ya kwanza, ngazi ishirini na mbili. Alipanda kumi na moja, akaketi, akaomba maji, akapanda zilizobaki. Alitoa hukumu kwamba hazipendi, lakini anaziweza, na hatakuwa akizipanda mara tatu kwa siku kama kijana. Hilo lilikuwa hasara, na waliliandika kama hasara. Bomba la bafu nalo lilivuja. Kwa ajili ya bomba hilo muuguzi aliomba bei ipunguzwe, na mwalimu mstaafu akashuka mpaka milioni thelathini na tisa. Ada ya jengo ilikuwa elfu ishirini.

Walikaa na karatasi. Ile mpya ilikuwa na bei ndogo kwa milioni tano. Lakini ingetaka fremu ya duka kila mwezi, na kwa miaka minne na kitu milioni hizo tano zingekuwa zimekwisha kwenda kwa mwenye fremu, na bado muuguzi hajalala. Hii ya zamani, kila mita wanayoikanyaga ilikuwa milioni moja na kitu kidogo. Mkopo wa chama haukutosha kwa milioni mbili. Walikubaliana na mwalimu wangoje mpaka mwisho wa mwaka, waongeze akiba. Jicho alikubali hata kushona sare za shule mbili nzima, kazi aliyokuwa akiidharau. Na kabla ya kutoa hata senti, walikwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha hati ni ya mwalimu kweli, na haina deni.

Kwa dalali Jicho alikwenda mwenyewe, Jumatatu ile ile ya arbuni. Aliomba kuingia fleti ya mfano mara ya mwisho. Akapima kitanda. Kilikuwa sentimita mia moja na sitini na tano.

"Hicho ni cha maonyesho tu, mzee," dalali alisema.

"Na bei?" Jicho aliuliza. "Nayo ni ya maonyesho?"

Aliaga kwa heshima. Alishuka kwa ngazi, kujizoeza.

Walihama mwanzoni mwa mwaka. Meza ilivuliwa miguu, ikapinda kwenye kona kama ilivyopimwa. Cherehani iliwekwa chumba cha barabarani, na humo ndimo wateja walimopokelewa, kwa tepu, wote bila ubaguzi. Mama mkwe na binti walipata sebule iliyo mbali na mlango wa bafu. Chumba cha nyuma, chenye ukuta wa matofali na mlango wa mbao nzito, kilikuwa cha muuguzi na mumewe.

Asubuhi ya kwanza muuguzi alirudi saa mbili. Alinywa chai akiwa ameketi. Kisha akaingia chumbani, na wote wakasikia kitasa kikigeuka. Jicho alianza kushona taratibu, akisikiliza kila upande. Hakuna kilichotokea. Saa sita hakuna. Saa nane mama mkwe alisema huyo mtu hajawahi kulala hivyo. Saa kumi walikuwa wote wawili nje ya mlango, wanabishana kwa kunong'ona ni nani agonge. Mteja aliyekuwa chumba cha mbele naye akaanza kunong'ona, bila kujua kwa nini. Saa kumi na moja Jicho alishindwa. Alifungua mlango kidogo, akaingiza kichwa.

Mkewe alikuwa amelala katikati ya kitanda, mikono ameitupa huku na huku, kichwa wazi, mdomo wazi. Alifumbua macho.

"Kuna nini?"

"Nilikuwa naangalia kama u mzima."

"Ni mzima," alisema, akijigeuza upande wa pili. "Funga mlango."

Jicho aliufunga. Alirudi kwenye cherehani, lakini hakuweza kutunga uzi kwenye sindano kwa muda mrefu, kwa sababu ya machozi.